Puliza Uchafu Kwanza, Halafu Hesabu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mashuka. Wenzangu wengine niliomaliza nao shule walipewa majembe, na mmoja aliyeandika vizuri akawekwa ofisi ya mizani. Mimi nilikabidhiwa mashuka mawili meupe ya marekani, bomba la mkono la kunyunyizia dawa, na daftari la mistari. Nikadhani nimepelekwa kufua. Nilisimama mbele ya ofisi nikiwa nimekumbatia mashuka yale kifuani, na machozi yako karibu, kwa sababu mama alikuwa ametangazia kanisa zima kwamba nimepata kazi ya kalamu.

Hilo lilikuwa shamba kubwa la kahawa upande wa Ruiru. Leo ukipita pale utaona maghorofa, kamba za nguo na maduka ya simu, na kama hukuambiwa huwezi kujua kwamba ardhi ile iliwahi kuzaa kitu kingine. Wakati wangu kahawa ilianzia mtoni ikapanda hadi barabarani, bloku baada ya bloku, kila bloku na namba yake kwenye kibao.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa afisa wa shamba, mzee wa Kikuyu mwenye kofia ya sufu na miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Aliniita "maitu", yaani mama yangu, jinsi wazee wa kwetu wanavyowaita mabinti wanaowapenda. Alinitoa pale ofisini akanipeleka bloku ya nne kabla jua halijachomoza vizuri, akanionyesha kazi ya mkaguzi wa wadudu. Wafanyakazi walituita skauti.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unachagua mti, unatandika mashuka chini yake, moja kila upande wa shina, yakutane katikati. Unanyunyizia majani dawa ya pareto, ile inayotengenezwa kwa maua, mti mzima hadi ulowe. Kisha unangoja. Dawa inawalevya wadudu, na baada ya muda wanaanza kuanguka mmoja mmoja kwenye shuka. Pamoja nao huanguka vipande vya majani, magome, maua makavu na vumbi jeusi. Mzee alichuchumaa, akainama karibu na shuka, akapuliza taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Takataka zote zikaruka. Wadudu, kwa kuwa ni wazito, wakabaki.

"Puliza uchafu kwanza, maitu, halafu hesabu," aliniambia. "Ukihesabu uchafu, utaniletea ripoti ya uchafu."

Nilipomwona mdudu mwenyewe nilishtuka. Nilitarajia kitu cha kutisha. Kumbe antestia ni mrembo. Ana umbo la ngao, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, mweusi mwenye madoa ya rangi ya chungwa na meupe, kana kwamba mtu alikaa chini na brashi akampaka. Nilimwokota kwa vidole nikamwangalia, na yeye akaniachia harufu ambayo niliiosha kwa sabuni mara tatu na bado ikanifuata hadi mezani. Ni jamii ya kunguni, na tabia ya ukoo hakuiacha.

Huyu hatafuni. Ana mdomo kama sindano, anauchoma kwenye tunda bichi la kahawa na kunyonya, na anapochomoa anaacha ukungu ndani. Tunda linaendelea kukua, kwa nje huoni kitu. Lakini buni yake ikikaangwa, kikombe kizima kinanuka kiazi kibichi. Akikosa matunda ananyonya vichipukizi, na mti unatoa vitawi vingi vyembamba visivyo na faida. Anapenda mti uliofunga, wenye kiza ndani, kwa hiyo mti ukipogolewa vizuri anahama mwenyewe. Kanuni yetu ilikuwa kwamba wakizidi wawili kwa mti, bloku nzima inapigwa dawa. Wakipungua hapo, mkaguzi anaandika neno moja tu kwenye daftari: Safi. Kisha anatia sahihi.

Niliifanya kazi hiyo Ruiru kwa miaka mingi na niliifanya vizuri, sitajifanya mnyenyekevu. Niliolewa pale, nikazaa wawili, na bado nilikuwa bloku ya nne kabla ya jua. Nilijua kupuliza kuliko mtu yeyote. Pumzi moja, shuka jeupe, wadudu wamejipanga wenyewe wakingoja kuhesabiwa. Afisa wa shamba aliwaleta wakaguzi wapya waje kunitazama nikipuliza. Nasema haya ili mjue kiburi changu kilitoka wapi.

Ndipo nikahamishwa Thika. Wenye shamba walikuwa na shamba lingine huko, chini zaidi, karibu na mto, mahali penye joto kuliko Ruiru na miti mikubwa ya kivuli. Mkaguzi wa huko alikuwa amestaafu, wakaomba apelekwe mtu hodari. Mtu hodari akafungasha mashuka yake, bomba lake na watoto wake.

Meneja wa Thika alikuwa mtu wa karatasi. Suruali yake ilipigwa pasi hadi ikawa na makali, na hakuamini jambo lolote ambalo halijaandikwa. Kama umechelewa kwa sababu daraja limezama, andika. Lakini akishaona karatasi yenye sahihi, alikuwa anaitetea kama Maandiko. Mimi na yeye tulipatana siku ileile.

Nyapara wa wachumaji alikuwa Mzee Wafula, mtu mrefu kutoka upande wa Bungoma, aliyekuja Thika akiwa kijana kutafuta kazi na hakurudi. Alikaa na mkewe na watoto wanne katika nyumba za kambi ya shamba. Zile nyumba zilikwenda na kazi. Ukiachishwa kazi leo, kesho godoro lako liko nje. Wafula alijua hivyo, sote tulijua.

Alikuwa na desturi moja. Mavuno yakiisha, aliwarudisha shambani wanawake wake wa kuchuma, wakavua kila tunda lililosahaulika juu ya mti na kuokota kila tunda lililoanguka chini, hata lililokauka. Yote yakafukiwa shimoni. Ilichukua wiki nzima. Meneja alipomwuliza sababu, Wafula alisema tu kwamba kwao mama yake alifanya hivyo, na kwamba chakula ukikiacha chini kinaita wageni. Meneja hakuona jibu hilo likiingia kwenye karatasi yoyote. Akaniita mimi. Akaniuliza kama kuna wadudu wa kuhalalisha wiki nzima ya kazi. Nikamfungulia daftari: Safi, Safi, Safi. Thika antestia walikuwa wachache mno. Basi kuokota kukapigwa marufuku, na mimi nikaona nimesaidia shamba.

Kuna asubuhi moja ya kipindi hicho ambayo niliisahau kabisa, hadi niliposhtuliwa nikaikumbuka. Nilikuwa nimeinama juu ya shuka, nikijaza mapafu hewa, Mzee Wafula akapita na wachumaji wake. Akasimama. Akanyoosha kidole kirefu kwenye vumbi jeusi lililoanguka kutoka mtini.

"Dada, na haka?"

"Hako ni uchafu, Mzee," nilimwambia. Nikacheka kidogo, nakumbuka hilo pia. Nikapuliza, shuka likawa jeupe, akaitikia kwa kichwa akaenda zake.

Mavuno makubwa yaliyofuata ndiyo yaliyotuumbua. Kahawa ikishachumwa inamwagwa kwenye tangi la maji kiwandani. Matunda mazuri ni mazito, yanazama. Mabaya yanaelea, yanatolewa kando. Kwa kawaida yanayoelea ni ya kujaza karai. Siku ile nilisikia kelele kiwandani, nikaenda, nikakuta maji hayaonekani. Matunda yalikuwa yamefunika tangi kutoka ukuta hadi ukuta, mekundu, mazuri machoni, na yote yanaelea. Mtu wa kiwanda aliyasukuma chini kwa ufito, yakapanda tena. Sijawahi kuona kitu kama kile.

Meneja aliagiza daftari langu, akalifungua palepale juu ya ukuta wa tangi. Akaniuliza kama kurasa zile ni za kweli. Nikasema ni za kweli, na nilikuwa nasema kile nilichojua. Basi, alisema, kama mtini palikuwa safi, matunda yaliharibika kati ya mti na tangi, na hapo katikati kuna mtu mmoja tu. Akamgeukia Wafula. Akasema kwamba kwa ukaidi wake ameendelea kuokota yaliyokauka chini na kuyachanganya na mazuri ili madebe ya wanawake wake yajae haraka. Wafula alisema hapana. Alisema mara moja tu. Meneja akampa hadi Jumamosi awe ametoka kambini. Ilikuwa Jumatano.

Mimi nilimkasirikia Wafula. Niliamini kabisa kwamba ametudanganya. Jioni hiyo nikachukua matunda mawili matatu yaliyoelea, nikaketi nje ya nyumba yangu kabla giza halijaingia, nikatandika kona ya shuka magotini. Nilitaka kumwonyesha udongo kwenye ganda, ushahidi kwamba yaliokotwa chini. Udongo haukuwepo. Badala yake niliona tundu, pale kwenye kitovu cha tunda, dogo kama lililochomwa kwa pini. Nikaangalia la pili, tundu. La tatu, tundu. Nikapasua moja kwa ukucha. Buni ilikuwa imeliwa ndani ikawa unga, na kwenye unga ule kukaanguka juu ya shuka langu punje nyeusi ya vumbi.

Ile punje ikatembea.

Nawaambia ukweli, nilisimama ghafla hadi kiti kikaanguka. Kwa maana nilimjua. Huyu hakuwa mgeni. Nilikuwa nimemwona kila asubuhi tangu nifike Thika, makumi yao, wamelewa pareto wakiwa wamelala kwenye shuka langu jeupe wakingoja nihesabu, na mimi kila asubuhi nilijaza mapafu nikawapuliza wakaenda. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yenyewe niliitandika kwa mikono yangu.

Ningetaka kuandika kwamba nilikimbia kwa meneja jioni ileile. Sikukimbia. Daftari lilikuwa na sahihi yangu kila ukurasa. Nami nilikuwa nakaa nyumba ya kambi, na watoto wangu pia walikuwa na godoro la kuwekwa nje. Alhamisi nilikaa kimya. Ijumaa nilikaa kimya hadi saa tisa, nikamwona mke wa Wafula akikamata kuku wake mmoja mmoja na kuwafunga miguu kwa safari. Hapo nikaona aibu kuliko woga, nikaenda mlangoni kwao na tunda kwenye kiganja.

Nilimweleza Wafula yote. Alinisikiliza akiendelea kufunga kamba kwenye sanduku, wala hakuangalia tunda. Nilipomaliza alisema, "Mimi nilikuonyesha, dada. Ukasema ni uchafu."

Ndipo ile asubuhi ikanirudia, na kicheko changu.

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia meneja. "Ningemwambia nini? Wewe ndio ulisoma. Uliposema ni uchafu, hata mimi macho yangu niliyaambia ni uchafu."

Nimewahi kusemwa vibaya maishani, hata kutukanwa. Hakuna maneno yaliyonipiga kama hayo, na aliyasema bila hasira.

Jumamosi asubuhi nilimngoja meneja kwenye mlango wa ofisi, nikamwomba aje bloku ya mtoni kabla hajafanya jambo lingine. Alikuja kwa kuwa nilikuwa nimeandika ombi hilo kwenye karatasi. Wafula alikuwepo, na wachumaji wengine nyuma yake. Nilitandika mashuka, nikanyunyizia mti, tukangoja. Vikaanguka vipande vya majani, magome, na vumbi jeusi. Nikaweka mikono nyuma na kufunga mdomo. Nilimwomba meneja apige magoti. Alipiga magoti na suruali yake ya pasi, akavaa miwani, akainama hadi pua ikakaribia shuka. Tulimwona akishtuka. Vumbi lilikuwa linajaribu kutembea, kwa ulevi, kila punje upande wake.

"Umepuliza hizi tangu lini?" aliniuliza.

"Tangu siku ya kwanza, Bwana."

Halafu aliinuka, akamwambia Wafula arudishe vitu vyake ndani, kisha akaniambia mimi nimfuate ofisini. Nilipewa barua ya onyo, na kwa msimu mzima nikavuliwa ukaguzi. Kazi niliyopewa ilikuwa kuokota matunda yaliyoanguka chini, pamoja na wanawake, chini ya nyapara Wafula.

Wakati huo alikuja mtaalamu wa wadudu kutusaidia, na ndiye aliyenieleza maisha ya yule mdudu wa vumbi, aitwaye kitoboa tunda. Antestia anaishi nje, mchana, kila mtu anamwona. Huyu anaishi ndani ya buni tangu yai. Jike anatoboa kitovu cha tunda, anaingia, anataga, na watoto wanakula nyumba waliyozaliwa. Wa kike ni wengi, wa kiume wachache, na hao wa kiume hawaruki, wala hawatoki nje ya tunda maisha yao yote. Nikamwuliza kama hawatoki, wanaoa wapi? Akasema wanaoa humohumo, dada zao. Binti anatoka ndani ya tunda akiwa tayari na mimba ya kaka yake. Nilimwomba arudie. Alirudia, mtu mzima mwenye tai shingoni. Nilishtuka hadi nikaona haya kuwaeleza wanawake wenzangu, ingawa nilipowaeleza walicheka siku mbili na mmoja akasema ndiyo maana wana sura ya kujificha.

Kwa hiyo dawa haiwafikii wakishaingia. Dawa yao ni kuwanyima nyumba: vua yaliyobaki, okota yaliyoanguka, fukia. Mama wa Wafula alijua hilo huko kwao bila shuka wala bomba. Na mzee wangu wa Ruiru hakunidanganya. Kule juu kuna baridi, kitoboa tunda alikuwa adimu, na uchafu ulikuwa uchafu kweli. Kosa langu lilikuwa kubeba kanuni ya Ruiru kama ilivyo na kuishusha Thika bila kuiuliza swali.

Ule msimu mgongo ulinifundisha unyenyekevu ambao shule haikunipa. Wafula hakuwahi kunisimanga. Ila kila nilipookota tunda na kutaka kulipuliza vumbi, nilimsikia nyuma yangu akikohoa, na wanawake wote wakaangua kicheko. Niliporudishiwa mashuka, nilimwomba apitie kwangu asubuhi za ukaguzi. Alikuja kila mara. Alichuchumaa upande wa pili wa shuka na miwani ya kununua sokoni, akatazama, na sikuandika neno lolote hadi aliposema, "Andika." Meneja aliuliza kwa nini ripoti sasa zina majina mawili. Nikamwandikia sababu.

Wafula alitangulia kustaafu. Alinunua kipande cha ardhi Gatuanyaga, upande mkavu wa Thika, anafuga mbuzi kwenye vumbi lile na anasema linamfaa. Mimi nilistaafu juzi tu. Nyumbani kwangu Gitothua, kulekule Ruiru, nina mikahawa mitatu nyuma ya jikoni, masalio ya shamba la Ruiru, na nikiona tunda limeanguka siwezi kulala hadi niliokote. Vijana wakaguzi hunipigia simu, sasa wana mitego ya chupa na picha za simu, vitu vizuri. Nawaambia mambo mengi, lakini moja narudia: yule unayemwogopa amepakwa rangi na ananuka, utamwona. Mwogope yule uliyefundishwa kumpuliza.

Siku ya kuniaga, wenzangu walifanya sherehe ndogo katika ukumbi wa kanisa. Wafula alikuja kwa pikipiki kutoka Gatuanyaga, mzee wa fimbo sasa. Waliniletea keki ya sukari nyeupe, laini kama shuka lililonyooshwa, na sijui nani aliwaambia ni siku ya kuzaliwa, kwa maana walichomeka mshumaa katikati wakauwasha. Utambi ukadondosha vipunje vyeusi juu ya ule weupe. Wakaanza kuimba na kupiga makofi, wakiniambia nipulize. Nikainama, nikajaza mapafu. Pumzi ikagoma. Nikabaki nimeinama pale, macho kwenye vile vipunje, wimbo ukaisha, makofi yakaisha, nta ikaanza kutiririka, na watu wakaanza kutazamana wakidhani nimeshikwa na ugonjwa.

Nilimsikia Wafula akivuta kiti chake, akaja akasimama upande wa pili wa meza, akavaa miwani, akainama pia. Tulitazama pamoja.

"Ni uchafu, dada," alisema. "Puliza."